Roxie Hatmaker na Nyumba Iliyokaa Majimbo Mawili

Roxie Hatmaker ana mikono ya mkamua ng'ombe na mdomo wa dalali wa mnadani. Mikono hiyo iliwahi kulishika goti langu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Nililia. Yeye akanitazama huku akitafuna bigijii, akaniuliza, "Unalilia goti au unamlilia mama yako? Maana goti lenyewe bado sijalifikia."

Amezaliwa hapahapa Sorrel Gap, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia huku Marekani, upande wa Tennessee, nyuma ya ghala la tumbaku ambalo siku hizi limebaki nguzo tupu. Alisomea kazi ya viungo, yaani kuwanyoosha na kuwapa mazoezi walioumia, akaajiriwa hospitali kubwa ya mjini, akadumu huko mpaka bosi mmoja kijana alipomwita ofisini kumwambia ajifunze kutabasamu mbele ya wagonjwa. Roxie alimtabasamia palepale, meno yote nje, kwa muda mrefu mno, mpaka yule bosi akaanza kuangalia mlango. Kisha akaacha kazi. Tangu hapo yuko na kampuni ya wauguzi wa majumbani, anazunguka milimani na pikapu yake yenye mlango mmoja wa rangi tofauti, nyuma amepakia mikanda ya mpira, mafuta ya kuchulia na fremu za kutembelea.

Ameolewa mara mbili, na mara zote mbili mume aliitwa Floyd. Ukimuuliza ilikuwaje, anakuonyesha tatuu mkononi na kusema, "Jina lilikuwa limeshaandikwa. Ningeanza kufuta?"

Mgonjwa aliyemwingiza matatani ni Delmer Crisp, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Delmer alikuwa na miaka themanini na kitu alipopanda juu ya banda la kuku kumfuata jogoo aliyekuwa akimdharau. Jogoo akashuka mzima. Delmer akashuka na nyonga iliyovunjika. Wakampeleka hospitali, wakamwekea nyonga ya chuma, wakamrudisha nyumbani na karatasi ya daktari inayosema atafutiwe mtu wa mazoezi. Mlango wa mbele wa nyumba yake unatazama Tennessee, sanduku lake la barua liko Tennessee, kwa hiyo kampuni ikamtuma Roxie.

Sasa, nyumba ile. Baba yake Delmer aliijenga juu ya mpaka makusudi. Jikoni na sebuleni ni Tennessee. Korido, choo na chumba cha kulala ni Virginia. Mzee Crisp alikuwa mpishi wa gongo, na hakuwa akipika kwa ajili ya familia. Polisi wa Tennessee wakija, mitungi inahamia chumbani. Wakija wa Virginia, mitungi inarudi jikoni. Siku walipokuja wote kwa pamoja aliwakaribisha mezani, na inasemekana hakuna hata mmoja aliyetoka pale akiikumbuka vizuri njia ya kurudi.

Roxie alipofika mara ya kwanza, mke wa Delmer, Bi Ozella, alimpokea mlangoni na kumpeleka moja kwa moja chumbani, maana ndiko kwenye kitanda, na mtu mwenye nyonga mpya anahitaji kitanda. Hakuna aliyefikiria mpaka. Nani anafikiria mpaka akiwa ndani ya nyumba?

"Vua suruali, mzee," Roxie akasema.

"Lo! Mwanamke hajaniambia neno hilo tangu nikiwa kijana," Delmer akajibu.

"Hata wakati huo hakuna aliyekwambia," Bi Ozella akadakia kutoka jikoni. "Uliivua mwenyewe."

Wakaanza hivyo. Roxie alikuja Jumanne na Ijumaa. Mimi kwenye baraza yangu nilisikia kila kitu, kwa sababu Delmer hajui kuumia kimyakimya.

"Unaniua, wewe mwanamke!"

"Ningekuwa nakuua ungekuwa kimya. Inua tena."

"Siwezi."

"Hukuweza ulipokuwa juu ya banda la kuku. Sasa hivi uko kitandani, hakuna pa kuangukia. Inua!"

Akainua. Baada ya wiki kadhaa alisimama na fremu. Baadaye akafika dirishani, akamwona jogoo nje, akamtukana akiwa wima. Bi Ozella alisimama mlangoni akafuta macho kwa aproni, na Roxie, ambaye hapendi kuonekana ana huruma, akaanza kufokea soksi za Delmer kwamba zinanuka.

Huko chumbani, hata hivyo, ni Virginia, na leseni ya Roxie ni ya Tennessee. Leseni ya mtu wa viungo ni mali ya jimbo; ukivuka mpaka haina kazi. Halafu kinachoangaliwa si wewe umesimama wapi, ni mgonjwa yuko wapi. Hata ungekuwa umekaa Tennessee umejaa tele kwenye kiti, kama mguu unaoukunja uko Virginia pamoja na mwenye mguu, umevunja sheria ya watu. Roxie alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ila aliliweka pale anapoweka mambo mengi, yaani nyuma ya pikapu, chini ya mikanda ya mpira.

Na dawa ilikuwepo, ndiyo inayoudhi. Majimbo yenyewe yalikuwa yameshauona upuuzi huu. Mengi yakakaa yakawekeana mkataba: mtu wa viungo mwenye leseni safi kwao anaomba idhini ya jimbo jingine lililomo mkatabani, anapewa, anafanya kazi, bila kuanza upya kama mtoto wa shule. Tennessee imo. Virginia imo. Wenzake Roxie walishachukua idhini zamani wakawa wanavuka na kurudi kama kuku wa mtaani. Kwake yeye kilichobaki ni kupigwa alama za vidole kituo cha polisi cha kaunti, ili wahakikishe hana makosa ya jinai. Na anayepiga alama za vidole kituoni pale ni Floyd. Floyd wa pili, waliyeachana naye.

"Nitakwenda kesho," Roxie alikuwa akisema. "Leo zamu ya Floyd."

Kila siku ilikuwa zamu ya Floyd. Kaunti yetu haina mwingine.

Basi, aliyemwaga mtama ni Delmer mwenyewe. Kanisani kwetu, mara moja kwa mwezi, watu huleta vyakula tunakula pamoja baada ya ibada: nyama ya nguruwe, maharagwe, mkate wa mahindi, mayai ya kujazwa. Jumapili hiyo Delmer aliingia na fremu yake, kwa miguu yake, na watu wakapiga makofi. Makofi yalimpanda kichwani. Akaketi katikati ya meza na kuanza kuhutubia.

"Yule Roxie ni shetani," akasema, "lakini shetani wangu. Kila Jumanne ananilaza kitandani kwangu, ananikunja kama shati."

Pembeni yake alikuwa ameketi Carlton Meeks. Huyu ni mtu wa viungo wa upande wa Virginia, mwenye zahanati yake na bango kubwa barabarani lenye sura yake. Meno ya kwenye bango yale ni makubwa kuliko ya farasi na meupe kuliko jambo lolote lililowahi kutokea kwenye kinywa cha binadamu. Meeks aliweka uma chini.

"Kitandani kwako, mzee Delmer?" akauliza kwa upole. "Chumba chako si kiko Virginia?"

"Ndiyo! Nalala Virginia, naamkia Tennessee kunywa kahawa," Delmer akasema, na meza nzima ikacheka, maana utani huo ameusema tangu nina akili.

Meeks hakucheka. Bi Ozella alikuwa mwisho wa meza na kisahani cha pai mkononi, na aliniambia baadaye kwamba palepale alitamani kumziba mumewe mdomo kwa ile pai, ila aliihurumia pai.

Haikupita muda, Roxie akapigiwa simu na msimamizi wake wa kampuni. Kuna malalamiko yamefika kwa watu wa leseni wa ng'ambo, Virginia, na mkaguzi anakuja kuiona nyumba. Jina la mlalamikaji halikutajwa. Halikuhitajika.

Roxie alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa Delmer, akiwa na selotepu ya bluu ya mafundi rangi.

"Nishikie huku," akasema.

Tukaingia kwa Delmer, tukavuta selotepu sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, pale jikoni panapoishia na korido inapoanzia. Mpaka wenyewe hakuna anayeujua kwa uhakika. Wazee wanadai aliyeupima zamani alipitia kwanza kwa baba yake Delmer. Lakini familia imekubaliana kwamba ni pale kwenye ubao unaolia ukikanyagwa.

"Kuanzia leo, mzee," Roxie akamwambia Delmer, "huku ni kwa mazoezi. Kule ni kwa kulala na kujisaidia. Ukiwa kule, mimi sikujui."

"Nikiumia nikiwa kule?"

"Piga kelele kwa lafudhi ya Virginia."

Alikuwa anatania, lakini mikono ilikuwa inatafuta kazi. Alikunja na kukunjua kile kipande cha selotepu kilichobaki mpaka kikawa kidonge. Nikamuuliza kama anaogopa.

"Siogopi kusemwa," akajibu. "Nimesemwa na akina Floyd wawili. Ila wakiniandikia onyo kwenye leseni, ule mkataba siuingii. Wanataka miaka miwili mtu awe safi. Miaka miwili! Na ningekwenda mwaka jana, saa hizi tungekuwa tunakunywa kahawa. Kisa Floyd." Akakitupa kidonge cha selotepu kwenye takataka, akakosa.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya mvua. Bi Winifred Akers, mwanamke mwembamba mwenye miwani na viatu vya mpira, mpole, asiyependa mzaha wala asiyeuchukia. Mimi nilipeleka pai ya tufaha, lakini ukweli nilikwenda kuangalia. Delmer alikuwa amevaa tai. Alikuwa amejipanga.

"Karibu Tennessee, mama," akamwambia Bi Akers jikoni. Kisha akatembea na fremu kuizunguka meza, akageuka, akainua mguu, akainua wa pili, akasimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika sinki, huku Roxie akimwambia kwa meno yaliyofungwa, "Inatosha, mzee. Inatosha. Si sarakasi."

"Na mazoezi yote huwa yanafanyika hapa jikoni?" Bi Akers akauliza.

"Hapa tu!" Delmer akasema. "Huyu binti hajawahi kukanyaga kule. Hata choo chetu hakijui. Akibanwa anajikaza."

Bi Ozella akageuka kuukoroga uji wa unga wa mahindi ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Sasa Delmer, kwa sababu ya wasiwasi, alikuwa amekunywa kahawa nyingi asubuhi hiyo. Katikati ya maelezo akasema samahani, akaivuka selotepu na fremu yake, akaenda Virginia kwa haja zake. Sote tukasubiri. Tukasikia maji. Tukasikia mlango. Halafu tukasikia fremu ikigonga ukuta na kishindo cha mtu mzima akifika chini.

Roxie alikuwa ameshika kikombe. Sikukiona kikianguka, nilikuta vipande baadaye. Alikuwa ameshafika koridoni, magotini, mkono mmoja umeshika kichwa cha Delmer na mwingine uko kwenye nyonga.

"Usisogee. Usisogee, nimesema! Inauma wapi? Hapa? Hapa? Sukuma mkono wangu kwa unyayo. Kwa nguvu, acha kunibembeleza."

"Nivute," Delmer akanong'ona, kwa sauti ambayo ingesikika mpaka kwa jogoo. "Nivute mpaka jikoni, mwanangu, kabla hajaona."

"Anaona, mzee. Amesimama juu yako."

Kweli, Bi Akers alikuwa amesimama kwenye selotepu. "Ni dharura," akasema. "Dharura inaruhusiwa. Endelea." Kisha akachutama akashika fremu isimwangukie tena. Nilimpenda kidogo kwa hilo.

Nyonga ilikuwa salama. Kilichoumia ni makalio na heshima. Roxie akamfundisha palepale namna ya kugeuka, kupiga magoti, kushika kiti na kuinuka. Delmer alipokuwa amekaa kwenye kiti, jasho likimtoka, tai imehamia mgongoni, Bi Akers akauliza swali lake kwa upole uleule.

"Bi Hatmaker, kabla ya leo, umewahi kumtibu upande huu?"

"Hajawahi!" Delmer akaruka. "Naapa. Ozella, niletee Biblia ya mama yangu. Naapa mbele ya huyu mama na mbele ya Mungu..."

"Delmer, nyamaza," Roxie akasema.

"Lete Biblia!"

Bi Ozella alikuwa amesimama na mwiko mkononi, hajui aelekee wapi. Yeye ni mwalimu wa watoto kanisani, mambo ya Biblia hayafanyii mzaha.

Roxie bado alikuwa sakafuni. Akaegemea ukuta wa korido, akanyoosha miguu, akatoa bigijii mdomoni, na hilo kwake ni sawa na mtu mwingine kuvua kofia.

"Nimemtibu chumbani kule, kwenye kile kitanda, tangu siku ya kwanza," akasema. "Jumanne na Ijumaa. Nilijua ni Virginia. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu nimeifanya chumbani mle, na sitaikana mbele ya mtu, na sitamwacha huyu mzee aapie Biblia ya mama yake kwa ajili ya uvivu wangu. Andika."

Delmer akamwangalia kama amemsaliti. "Nilikuwa naenda vizuri," akasema.

"Ulikuwa unaenda motoni, mzee."

Bi Akers akaandika. Alipoondoka alimshukuru Bi Ozella kwa pai, nami nikashukuru kimoyomoyo kwa niaba ya pai. Mlangoni alimgeukia Roxie akasema, "Ungeomba idhini mapema, nisingekuja." Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana iliuma.

Onyo likatoka. Watu wa leseni wa ng'ambo waliwaarifu wa kwetu, wa kwetu wakaliweka kwenye rekodi yake. Aliruhusiwa kuendelea na kazi Tennessee, lakini mkataba ndiyo basi, miaka miwili. Sioni kosa lao. Alivunja sheria, akakiri, wakampa kilichoandikwa. Roxie mwenyewe alisema hivyohivyo, kisha akakaa ndani ya pikapu mbele ya nyumba yangu, madirisha yamefungwa, kwa muda mrefu. Nilipompelekea kahawa akasema ana mafua.

Upande wa Delmer, alitumiwa mtu mwenye leseni ya Virginia. Nadhani mmeshamjua. Carlton Meeks alikuja na shati lenye jina lake kifuani, akaingia chumbani, akamwambia Delmer, "Tutafanya kazi kama timu, wewe na mimi."

Delmer akamtazama meno. "Kijana," akasema, "nilikuwa na farasi kama wewe."

"Ehe? Alikuwa mzuri?"

"Tulimuuza."

Meeks, kusema kweli, anaijua kazi yake. Alimkunja Delmer sawasawa wala hakumuumiza. Hilo ndilo lililomuudhi Delmer kuliko yote: kukosa cha kulalamikia. Alipoondoka, Delmer aliniita kwa kunipungia mkono kupitia dirishani. Nikaenda. Nikamkuta ameshavua shuka.

"Nishikie huku," akasema, akiniashiria miguu ya kitanda.

"Tunakipeleka wapi?"

"Nyumbani. Nahamia Tennessee."

Nikamwita mpwa wangu, tukakibeba. Meza ya jikoni tukaisukuma ukutani. Kitanda kikakaa kati ya friji na jiko, na mto ukaelekea kwenye kabati la sufuria. Bi Ozella alirudi kutoka kwa dada yake akamkuta mumewe amelala chali jikoni kwake kama samaki wa kusubiri kukaangwa.

"Delmer Crisp, umerogwa?"

"Nalala huku. Roxie akija mimi niko jimboni kwake, hakuna wa kunigusa."

"Na mimi?"

"Wewe kitanda cha wageni kiko stoo. Unaweza kuja huku au ukabaki kule. Nchi huru."

Bi Ozella akafikiria. Niliona anavyofikiria, alitazama kitanda, akatazama korido, akamtazama mumewe, ambaye hukoroma mpaka mimi ng'ambo ya barabara nafunga dirisha. "Nitabaki Virginia," akasema.

Ndivyo walivyoishi. Roxie aliporudi Jumanne akaona kitanda pale, alisimama kwenye mlango wa jikoni. Kisha akasema, "Soksi, mzee. Toa soksi hizo kwenye jiko la watu," akaanza kutafuta mikanda ya mpira aliyokuwa ameishika mkononi.

Mwaka uliofuata nyonga ya pili ya Delmer nayo ikaomba kubadilishwa, ikabadilishwa, na Roxie akaanza naye upya pale jikoni. Chungu cha maharagwe kikichemka upande mmoja, Delmer akipiga kelele upande wa pili, na Bi Ozella akipita katikati na mwiko akisema, "Nipisheni, nyote wawili, hapa ni jikoni." Mimi nililetwa pale pia na goti langu. Baada ya muda jirani mwingine akaja na bega lake. Mimi ni wa Tennessee, lakini yeye alikuwa mtu wa Virginia aliyekuja Tennessee kwa kuvuka ubao mmoja, na hilo sheria inaliruhusu. Mgonjwa anatibiwa alipo. Bango la Meeks bado lilikuwepo barabarani. Roxie alilipita kila siku akilipigia honi, na siku moja nilipokuwa naye ndani ya pikapu aliniambia, bila mzaha, "Hakukosea, unajua. Ningekuwa yeye ningelalamika pia. Ila nisingekuwa na meno yale."

Miaka miwili ilipokaribia mwisho, alikwenda kwa Floyd. Nilimsindikiza kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nisingekosa hata kwa kulipwa.

Floyd ni mtu mnene, mtaratibu, mwenye masharubu. Akamshika Roxie kidole gumba, akakibonyeza kwenye kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa.

"Huna alama," Floyd akasema.

"Una maana gani sina alama?"

"Dole gumba ni laini kama kijiko. Limesuguka. Umechua watu mpaka umejifuta." Akaleta losheni, akampaka, akasubiri, akajaribu kidole kimoja kimoja, polepole, bila kukasirika. Walikaa pale mkono kwa mkono kwa muda ambao nadhani ulizidi muda wote walioshikana mikono kwenye ndoa.

"Ungekuja kitambo," Floyd akasema. "Nisingekung'ata."

"Nilidhani utanicheka."

"Ningekucheka kidogo. Halafu ningekupiga alama."

Roxie akaangalia ukuta. "Basi cheka," akasema.

Floyd hakucheka. Alimaliza kidole kidogo, akampa karatasi ya kufutia, akamuuliza kama ule mlango wa pikapu ameshaurekebisha. Ulikuwa haujarekebishwa. Jumamosi iliyofuata nilimwona Floyd uwanjani kwa Roxie akiwa na bisibisi, na Roxie amekaa kwenye ndoo akimwambia anakosea. Zaidi ya hapo sijui, na nikijua sitaandika.

Idhini ikatoka. Roxie alikuwa kwangu simu ilipomwarifu, akavuka barabara hapohapo kwa mwendo ambao angemkataza mgonjwa wake yeyote. Akaingia jikoni, Delmer amekaa kitandani anamenya viazi.

"Mzee, inuka. Tunakwenda Virginia."

"Kufanya nini?"

"Kazi. Mimi ni halali sakafu nzima. Tukirudishe kitanda chumbani, nikupige mazoezi ya mgongo mahali pasiponuka vitunguu."

Delmer akaweka kisu chini, uso umemng'aa. Akasimama bila fremu, maana siku hizo alikuwa anatembea na bakora tu, akaelekea koridoni. Bi Ozella alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono kifuani. Nyuma yake chumba kilikuwa kimebadilika: mapazia mapya ya maua, kiti cha kusomea dirishani, redio, na kitanda cha wageni kimetandikwa vizuri, chembamba, cha mtu mmoja.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza mumewe.

"Narudi nyumbani, mke wangu. Mambo yamekwisha. Binti ameruhusiwa."

"Yeye ameruhusiwa," Bi Ozella akasema. "Roxie, karibu mwanangu, pita. Wewe, Delmer, unakuja kwa mazoezi tu. Yakiisha unarudi kwenu."

"Ozella! Ni chumba changu!"

"Miaka miwili nimelala usingizi wa binadamu, na siuachi kwa ajili ya mkataba wa mtu."

Delmer akamgeukia Roxie kutafuta msaada. Roxie alikuwa ameshaingia, ameshavuta kiti, anakunja mikono ya shati.

"Mimi nina idhini ya viungo tu, mzee," akamwambia. "Haya, lala chali. Na utoe soksi."